Nani Kakwambia Uanze na G?

Magita mengi ya Langoni yamefia kwenye F. Utayaona yametundikwa ukutani, nyuzi zimeshika kutu kwa upepo wa bahari, mwenyewe ameshahamia kwenye mpira wa PlayStation. Ukimuuliza, atakwambia vidole vyake vifupi. Uongo. Vidole vyake vinafunga kamba ya jahazi bila shida. Alianzishwa vibaya tu, na aliyemwanzisha ni video.

Video zenyewe zote ni moja. Jamaa mwenye ndevu, chumba chake kina taa za rangi, somo la kwanza anakuonyesha G. Halafu C, halafu D, halafu Em. Kodi nne (kodi za gita, si zile za KRA) na ahadi kwamba kwa hizo nne utapiga nyimbo elfu. Wiki ya pili uko kwenye Wonderwall ya Oasis, wimbo wa 1995, ambao wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa ulipotoka. Wiki ya tatu inakuja F. Hapo kidole cha shahada kinatakiwa kulala juu ya nyuzi zote sita na kuzibana kama komeo. Kinauma, uzi unazizima badala ya kulia, na gita linarudi ukutani.

Mimi nilikata tamaa hivyo hivyo, mara mbili. Kwa hivyo nina hasira na ninayo haki nayo.

Kosa si la kidole. Kosa ni kumfundisha mtoto wa Lamu kodi za nyimbo ambazo hakuna mtu kwao anayeziimba. Anayeanza hajui ni wakati gani abadilishe kodi. Kinachomwambia ni wimbo, kama wimbo uko masikioni mwake. Ukikosea kwenye wimbo uliousikia jikoni tangu utotoni, unajua papo hapo. Sikio linakataa kabla mkono haujamaliza. Ukikosea kwenye Wonderwall unasubiri jamaa mwenye ndevu akwambie. Basi unajifunza kumtazama jamaa. Kupiga gita hujajifunza.

Weka G pembeni. Anza na E. Uzi mwembamba kabisa tuuite wa kwanza, ule mnene wa sita. Kidole cha kati kwenye uzi wa tano, freti ya pili. Kidole cha pete kwenye uzi wa nne, freti ya pili. Shahada kwenye uzi wa tatu, freti ya kwanza. Piga zote sita. Hiyo ndiyo E.

Sasa usivunje umbo la vidole. Vinyanyue vyote vitatu pamoja, vishushe uzi mmoja kuelekea sakafuni: nne, tatu, pili. Piga kuanzia uzi wa tano. Hiyo ni Am. Una kodi mbili kwa umbo moja, na hujafika hata robo saa. Linganisha na kutoka G kwenda C, ambako vidole vinatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe.

Rudi kwenye E. Umbo lile lile, lisogeze freti moja kuelekea tumbo la gita. Nyuzi ambazo hukuzigusa ziache zilie wazi. Sikiliza. Rudi E. Nenda tena. Ulichopiga ni binamu wa ile F iliyokuua, lakini hakibani chochote, na kila mtu aliyekulia pwani atageuza shingo akisikia. Ile nusu hatua kutoka E kupanda F, kisha mruko hadi G shapu iliyo ndani ya E yenyewe, ndiyo sura ya maqam ya Hijazi. Umeisikia kwenye taarabu, kwenye kaswida, na kwenye adhana za waadhini wengi. Wapiga gita wa flamenko kule Hispania wanaishi humo humo. Si ajabu: Waislamu walitawala sehemu ya nchi ile kuanzia 711 hadi 1492, na udi ulikuwa nao. Hata jina la Kizungu la chombo kile kingine, lute, ni al-udi iliyopinda ulimi.

Hapa wanasimama watu wa aina mbili kunipinga. Wa kwanza wanasema gita ni la walevi na watalii. Hao huwa nawauliza swali moja: kinanda cha umeme kinachopigwa kwenye harusi zenu kilitoka Faza au Siyu? Mombasa walichukua tashkota, chombo cha Kijapani chenye vibonyezo kama vya taipureta, wakakitia kwenye taarabu mpaka kikawa chao. Na sisi wa Langoni, wa mwisho kulalamikia mgeni ni sisi. Mkomani ndiko kwenye majumba ya mawe ya wenyeji wa zamani; huku kwetu ndiko waliposhukia Wahadhrami na Wangazija. Habib Saleh mwenyewe alitoka Ngazija. Alipoingiza matwari kwenye maulidi, wapo wakubwa wa mji waliokasirika. Leo niambie nani anaiwaza Maulidi ya Lamu bila twari. Sisemi gita liingie Riyadha, nisinukuliwe vibaya. Nasema tu kwamba "si letu" ni neno ambalo mji huu umeshalisema na umeshalimeza.

Wa pili ni wagumu zaidi, na nawaheshimu. Ni watu wa udi. Huu ni mji alikozaliwa Zein l'Abdin, na aliyemsikia Zein akiutembeza mkono kwenye shingo ya udi ana haki ya kulitazama gita kwa huruma. Udi hauna freti. Kidole kinakaa popote sikio linapotaka. Gita lina vyuma vilivyokwisha kuamua. Rasti na Bayati zina sauti zinazoangukia katikati ya freti mbili, na huko gita halifiki bila kuvuta uzi. Hata Hijazi ya gita ina ukavu wake. Hapo sibishi.

Lakini udi nitautoa wapi? Mafundi wa kuutengeneza ni wachache, bei yake si ya mtu anayebeba mizigo gatini, na wanaojua kufundisha wanahesabika. Gita la mkono wa pili lipo. Ningependa kijana afike kwenye udi kupitia gita kuliko asifike popote kwa sababu alikuwa anasubiri kilicho safi.

Na wa Nairobi msicheke, maana nanyi mko kwenye Em ile ile. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, gita moja na Kiswahili. Mkono wake wa kulia ulitumia gumba na shahada, basi. Maumbo ya kushoto mengi ni ya kawaida kabisa. Utamu uko kulia. Mbona somo hilo halimo kwenye simu zenu?

Ushauri mdogo kwa wa pwani: tia nyuzi za nailoni. Za chuma chumvi inazila, na ncha za vidole vyako zitakushukuru.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani na E yangu na ile ya kusogeza, napiga huku nikiimba chini chini wimbo wa harusi wa zamani. Ami yangu, wa kundi la kwanza kabisa, la walevi na watalii, alikuwa anapita na kapu lake la sokoni. Alisimama. Akalitua kapu.

"Wakimbia," akaniambia. "Mstari wa pili hauanzi hapo. Rudia."

Nikarudia. Alikuwa sawa.