Insha ya Kukariri Haina Macho

Mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, vijana wetu wa seminari ndogo hujaza vichwani insha za Kiingereza zilizoandikwa na wengine. Swali likiwataka waeleze soko au siku ya mvua, wanamwaga walichokariri: theluji, bustani za waridi, mahali ambapo hawajawahi kufika.

Tunaielewa hofu yao. Wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza wakakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hata hivyo, kukariri kunawazoesha kusema wasichokiona. Kwa kijana anayetarajia kuhubiri, hayo ni mazoea mabaya.

Marko anataja kwamba umati uliketi penye majani mabichi (Mk 6:39). Yohana anataja mikate ya shayiri (Yn 6:9). Maneno machache, nasi tunaona.

Walimu na wazazi, tuwape zoezi la kila siku: sentensi tano za Kiingereza chepesi kuhusu kitu kilicho mbele yao, iwe kengele, jiko la kuni au muuza ndizi langoni. Tuwasahihishe sarufi kwa upole. Siku ya mtihani watakuwa na lao la kuandika.