Bustani Yetu: Maua ya Mlimani
Mvua zikinyesha, nyika za Ufipa na milima ya Mbizi hupambwa na okidi. Wengine huzing'oa wazipande mbele ya nyumba, nazo mara nyingi hufa. Sababu ni hii: mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, huota ikilishwa na kuvu iliyomo katika udongo wa kwao. Chini kuna viazi viwili, cha mwaka huu na cha mwaka ujao. Mchimba chikanda akitwaa vyote, ua limekwisha. Huko Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, okidi hulindwa palepale zilipoota. Nanyi wazazi, zikiota pembeni mwa shamba lenu, zuieni jembe lisifike hapo, wajukuu nao wazione.