Rutshuru: mshahara uko kwenye akaunti, jina halimo kwenye orodha ya msaada

Mwalimu wa Kiwanja ambaye mshahara wa mwezi wa kwanza unamfikia mwezi wa nne, ni mtu mwenye kipato ama ni mtu wa kusaidiwa? Wenye kuandikisha wahitaji wakikosea jibu, familia nzima inakosa unga.

Tatizo halikuanza jana. Tangu 2011 Kinshasa ilianza kupitisha mishahara ya wafanyakazi wa serikali kwenye benki, na vijijini, ambako benki hakuna, Caritas ilipewa kazi ya kuwafikishia walimu pesa. Mpango huo ulitegemea barabara na noti. M23 walipochukua Rutshuru-centre na Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022, barabara ikawa shida. Walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, noti nazo zikawa shida: benki zilifunga milango, uwanja wa ndege nao ukafungwa. CADECO, ambayo AFC/M23 waliifungua Aprili 2025, haikuwa dawa kwa mfanyakazi ambaye pesa zake zimelala kwenye akaunti ya benki nyingine.

Wengine walivuka mpaka kwenda kutoa pesa Gisenyi. Wengine wanategemea simu, Airtel Money, Orange Money ama M-Pesa, na noti zikikosekana wakala anaongeza makato anavyotaka. Kwa mtu wa Rutshuru, kushuka Goma ni karibu kilomita 70, na tiketi ya kwenda na kurudi inakula sehemu ya kile alichofuata.

Hapo ndipo msaada unaingia. PAM na mashirika mengine, yanapochagua nyumba za kupewa chakula ama pesa, yanaangalia nyumba inaishi kwa nini. Mtaani, neno « mwalimu » ama « muuguzi » linajibu kabla mwenyewe hajafungua mdomo: huyu serikali inamlipa. Kwamba hajaona franka tangu miezi mitatu, hakuna safu ya kuliandika. Na hana mlango mwingine wa kugonga. Sheria ya 15 Julai 2016 iliyoleta CNSS, ambayo hata hivyo ni ya wafanyakazi wa sekta binafsi, inahusu uzee, ajali za kazini na familia. Posho ya kukosa kazi haimo, sembuse ya kukosa mshahara.

Kuna mtego wa pili, na huu ndio unaosahaulika. Tuseme malimbikizo ya miezi mitatu yanaingia kwa siku moja, na juma lile lile wanaoandikisha wanapita. Akisema kweli, mwalimu anaonekana tajiri. Lakini pesa hizo zina wenyewe tayari: duka alikokopa maharage, mwenye nyumba, ada za watoto. Baada ya siku chache hana kitu, na orodha imefungwa.

Hata nchi tajiri zimejikwaa hapo. Uingereza, msaada unaoitwa Universal Credit huhesabiwa kwa kipindi cha mwezi mmoja, kwa kuangalia mshahara umeingia tarehe gani. Mtu aliyeachishwa kazi akipokea mshahara wa mwisho ndani ya kipindi chake cha kwanza, msaada wa kwanza unapungua ama unakosekana kabisa. Mshahara ulipotangulia siku chache kwa sababu ya wikendi, mishahara miwili iliangukia kipindi kimoja. Akina mama wanne walishitaki, na Juni 2020 mahakama ya rufaa iliwapa haki. Mwezi wa Novemba serikali ikabadilisha kanuni. Mama wa Kiwanja hana mahakama ya kumpelekea shirika.

Lakini shirika linaweza kurekebisha bila mahakama. Badala ya kuuliza « unafanya kazi gani? », liulize: mara ya mwisho pesa zilifika mkononi lini, zilikuwa za miezi mingapi, na zilibaki ngapi baada ya makato na safari? Kisha lirudi kuangalia baada ya miezi miwili. Ni kweli, msaada umepungua sana tangu Marekani ilipofunga mfuko mwanzoni mwa 2025, na kila jina linaloongezwa linamsukuma mwingine nje. Kuna pia watu waliorudi Rutshuru baada ya kambi za Goma kuvunjwa Februari 2025, wasio na mshahara wala shamba lililolimwa. Hao watangulie. Ila kumwondoa mwalimu kwa sababu ya pesa ambazo hajazishika ni kuhesabu ng'ombe aliye ng'ambo ya mto.

Mvua za Septemba zikianza, anayetaka kupanda maharage anahitaji mbegu wiki ile ile, si mshahara wa Septemba utakaofika Desemba.