Fundi wa Ilimba ni Mwalimu wa Fizikia

Aghalabu hudhaniwa kwamba fundi asiyekwenda shule hana sayansi. Ilimba ya Wagogo yakanusha dhana hiyo.

Ipagala, ambayo leo ni kata ya Jiji la Dodoma, imo katika nchi ya Wagogo, wenye ala hii. Ilimba ni kasha la mti lenye ndimi za chuma zipigwazo kwa vidole gumba. Fundi hufua kila ulimi uwe bapa, huubana juu ya daraja, kisha huusukuma au kuuvuta mpaka sauti ilingane na sikio lake. Ndimi nyingine hazipigwi kamwe. Hutetema zenyewe kuitikia sauti za jirani.

Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba uzi ukipunguzwa nusu, mkazo usibadilike, mitetemo yake kwa sekunde huongezeka mara 2. Ulimi wa chuma wenye unene ule ule ukipunguzwa nusu, mitetemo huongezeka mara 4. Fundi hakuiandika kanuni hiyo, lakini mkono wake waijua.

Elimu hiyo hupatikana kwa uanagenzi: kijana hutazama, hukosea, husahihishwa. Ndivyo ilivyokuwa hata Marekani. Jonas Chickering, seremala wa samani, alijifunza kazi ya piano katika karakana ya John Osborne mjini Boston. Mwaka 1823 alifungua karakana na mwenziwe, na mwaka 1843 akapata hataza ya fremu ya chuma ya kipande kimoja. Mvumbuzi huyo alianza kwa kutazama mikono ya mwingine.

Uanagenzi ukikatika, hasara ni ya sayansi pia. Sauti za Wagogo hufuata uwiano wa asili wa mitetemo, kama 6:7:8:9, na sauti ya hiyo 7 haimo katika piano. Kijana akirekebisha ilimba kwa kufuata kinanda, sauti hiyo hupotea bila mtu kutambua. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba aliyefariki mwaka 2003, alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Lakini chuo kimoja hakitoshi.

Yafaa basi shule za sekondari zimwalike fundi darasani siku ya somo la mitetemo. Wanafunzi wapime urefu wa ndimi, wahesabu, walinganishe. Mwalimu ataleta kanuni, fundi ataleta sikio. Na pengine mwanafunzi mmoja atamfuata fundi nyumbani.