Kabla ya kuamini kipimo, tuulize zero iko wapi

Hapa Kolwezi mutu akisikia neno «kalibrasio» anawaza paka mambo ya usine: enjenieri, kompyuta na kofia nyeupe. Hata mimi nilikuwa nawaza vile. Lakini mwezi uliopita nilifundishwa kalibrasio jikoni mwangu, na mashini ndogo ya kusagia kahawa. Leo nataka kusema kwa nini kila nyumba ya muchimbaji inapaswa kujua ile kazi, hata nyumba yenye haikunywi kahawa.

Shemeki wangu ni fundi wa umeme ku kampuni moja. Muzungu mumoja alimaliza mukataba, akamuachia mashini ya espreso, na shemeki akaniletea mimi. Lakini espreso inaomba kahawa iliyosagwa ile ile saa, tena laini kupita ile ya kopo. Basi nikanunua kisagio kipya cha mukono, juu kura yetu ikirudi kwa nguvu inaunguza kila moteri. Bibi yangu akasimama mulangoni, mikono kiunoni:

— Baba Mwamba, bunga ya muhindi inapanda kila juma, na wewe unanunua mashini ya kusaga kahawa?

Sikuwa na jibu. Asubuhi ya kwanza nikamwaga kahawa ya Kivu ndani, nikazungusha, nikaweka ku mashini. Maji yakapita mbio sawa mvua ku mutaro: segonde 8, kikombe kinajaa, kahawa chachu sawa ndimu mbichi. Nikakaza kisagio kwa nguvu. Sasa ikatoka tone kwa tone, nyeusi, chungu sawa dawa ya malaria. Siku mbili, nusu ya pakiti ikaisha bure. Mama Mwamba alikuwa anaangalia tu, na kule kuangalia kuliniuma kupita maneno.

Siku ya tatu shemeki akapita. Hakuonja hata kahawa. Aliuliza neno moja: «Zero yako iko wapi?»

Nilikuwa nasoma namba ku kisagio bila kujua inaanzia wapi. Akanionyesha. Toa kahawa yote. Kaza polepole mupaka meno ya chuma yagusane, usilazimishe. Pale njo zero ya mashini yako. Kisha fungua, ukihesabu kila «klik». Namba ya kisagio cha jirani haikusaidii, juu meno yake yanagusana pahali pengine.

Kisha kuko sheria. Kahawa iliyosagwa, grama 18. Kinywaji ndani ya kikombe, karibu grama 36. Saa, segonde 25 mupaka 30. Ikipita mbio, kaza klik moja. Ikichelewa, fungua klik moja. Usibadilishe vitu viwili mara moja, hautajua kipi kimeleta mabadiliko. Na kila ukibadilisha, saga kidogo utupe, sababu unga wa zamani unabakia katikati ya meno.

Nikamwambia grama 18 nilipima vizuri ku kilo ndogo niliyonunua sokoni. Akacheka: «Na ile kilo, nani aliipima?» Akaomba sindano ya famasi, akavuta maji mililita 20. Maji mililita 20 ni grama 20, ni vile kila pahali. Akaweka kikombe, akabonyeza zero, akamwaga maji. Kilo ikaonyesha 23. Kumbe 18 yangu ilikuwa karibu 16 tu! Kahawa ilikuwa kidogo, ndiyo maana maji yalipita mbio. Nilikuwa nagombana na kisagio, na mwizi alikuwa ni kilo.

Watu wa mugodi, hii kitu munaijua. Baba yangu alitumika ku konsantratere, pahali mawe yanasagwa ndani ya mitungi mikubwa na madonge ya chuma. Mawe yakibakia makubwa, shaba inafungiwa ndani, dawa haiifikie, inakwenda kutupwa na takataka. Yakisagwa kupita kiasi, yanakuwa matope, yanaziba filtre. Maji ya moto yanatafuta utamu ndani ya kahawa sawa asidi inavyotafuta shaba ndani ya malakite. Hakuna elimu ya wazungu pale. Ni kazi yetu ya kila siku, ndani ya kikombe.

Sasa nifike ku jambo lenye linaniuma.

Mudogo wangu ni muchimbaji. Siku moja nilimusindikiza kuuzisha. Depo ya kwanza ilipima mawe yake na Metorex, ikasema tenere 4. Tukatoka, tukabeba mifuko ile ile depo ya pili. Ikasema 6. Ile tofauti ya 2 ilikuwa ni falanga za kulipia masomo ya watoto. Na sisi tulifanya nini? Tulipiga kelele juu ya bei. Tulipigania bei saa nzima, na bei inakuja nyuma ya kipimo! Hakuna mutu hata mumoja aliuliza: zero iko wapi? Hii kilo, nani aliipima?

Mimi nasema tuache kelele, tubebe bidoni. Bidoni ya litre 20, safi. Iweke ku kilo ya depo ikiwa tupu, andika namba. Ijaze maji mupaka alama ya 20, irudishe. Katikati ya namba ya kwanza na ya pili inapaswa kuwa kilo 20. Ikionyesha 17, ujue kila mufuko wa kilo 100 utahesabiwa 85. Kazi yote ni dakika tano, na maji hayanunuliwi na mutu.

Kwa tenere, maji hayatoshi. Lakini koperative inaweza kupeleka unga wa mawe ku laboratware, kujua tenere yake ya kweli, kisha kuuchunga ndani ya kopo lililofungwa. Kila asubuhi depo isome lile kopo mbele yetu kwanza. Ikikosea ku kopo, itakosea ku mifuko. Tena tukumbuke: ile mashini inasoma uso wa jiwe tu. Basi mawe yasagwe, yachanganywe, yasomwe pahali pengi, si pahali pamoja penye mununuzi amechagua.

Najua jibu la wengine: «Ukileta bidoni yako, watakufukuza.» Ni kweli, mutu mumoja watamufukuza. Wachimbaji 20 wa koperative moja, ni vigumu, sababu mununuzi naye anahitaji mawe. Na wenye depo si wote wezi. Kilo inaweza kukosea bila mutu kuigusa, sawa kilo yangu ya jikoni. Inaweza hata kukosea upande wetu, na siku ile tutapaswa kukubali vilevile. Mununuzi wa haki hataogopa maji.

Lakini hii tabia haianzie ku depo. Mutu mwenye hajapima kitu nyumbani mwake, ataona haya kupima cha mwenzake. Ndiyo maana sijuti falanga za kisagio. Leo kahawa yangu inatoka segonde 27. Binti yangu wa darasa la sita njo anavuta maji na sindano kila Siku ya Mungu, anaandika ku kaye kama kilo imesema kweli. Mama yake sasa anakunywa, na sukari tatu. Juma lililopita alikwenda sokoni na chupa ya maji ndani ya kitunga. Muuzishaji wa bunga alikasirika kwanza, kisha akaikubali. Kilo yake ilikuwa sawa, na Mama Mwamba amekuwa mununuzi wake wa kila juma.

Ndugu zangu, mukienda kuuzisha Posho hii, mubebe bidoni. Mupime kwanza kilo. Bei mutaizungumuza nyuma.