Siku Moja Dodoma



Mzee mmoja wa ufuoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Liuli, ameniletea swali. Vijana wa chuo chetu wanachanga nauli waende Dodoma kuyatazama makao makuu ya nchi kwa siku moja, na binti yake ataka kufuatana nao. Auliza: Je, si israfu kuuza usipa wa mwezi mzima kwa ajili ya kutazama majumba? Na mtoto wa kike ana haja gani huko? Na ikiwa ni kutembea tu, mbona wasiende Dar es Salaam, penye bahari na maghorofa?

Nitaanza na hili la mwisho, kwani ndilo jepesi. Atakaye maghorofa na aende Dar es Salaam. Dodoma ni mji wa ukame na upepo, na Wagogo wenyewe husimulia kuwa jina lake latokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia topeni. Lakini mji huu ulichaguliwa kwa makusudi. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie huko, katikati ya nchi, ili mtu wa pembeni asiwe mbali mno na serikali yake. Ikapita miaka mingi, jina liko Dodoma na ofisi ziko Dar es Salaam. Sisi tuliosoma shule ya msingi zama zile tuliandika Dodoma katika mtihani, na mwenye shida ya wizarani akapanda basi la Dar es Salaam! Mwaka 2016 ndipo serikali ilipotangaza kuhamia huko kwa dhati, na mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuutambua mji huo.

Kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 800: Mbinga, Songea, Njombe, Makambako, Iringa, kisha bwawa la Mtera. Basi siku moja ya kutazama ni siku tano za kukosekana nyumbani, na mzazi azihesabu hivyo.

Alfajiri wasali katika Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Walibya na kufunguliwa mwaka 2010. Wakitoka hapo wapite Uwanja wa Nyerere waione sanamu ya Mwalimu. Hapo nusu saa yatosha. Stesheni ya reli waitazame kwa makini zaidi, kwani Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Mtoto wa ziwani aliyezoea mtumbwi na basi, akisimama pale, ataelewa mambo ambayo mwalimu ayaeleza ubaoni asieleweke.

Saa tatu asubuhi wawe wameketi Bungeni. Hapa ndipo penye shabaha ya safari, na kama pesa hazitoshi kwa mengine, hili lisiachwe. Wageni hukaa jukwaani juu, kimya, baada ya kukaguliwa mlangoni. Watasikia mambo ya nchi yakisemwa kwa Kiswahili, lugha wanayoitumia sokoni, wala si kwa lugha ya kutafsiriwa. Mbunge huuliza, waziri husimama akajibu, na jibu likipungua huulizwa tena.

Nami namjibu mzee wangu juu ya binti. Yanayoulizwa mle ni visima, zahanati, barabara na shule. Je, nyumbani mwako, ndoo ya maji kutoka ziwani yapanda kichwani mwa nani? Mwenye kuibeba ndiye mwenye haja ya kusikia jibu. Na Bunge hilo liliongozwa na Spika mwanamke, Bibi Anne Makinda, tangu mwaka 2010 hadi 2015. Kwao ni Njombe, ambako basi lenu litapita. Aende na kaka yake, na mama mtu mzima awe pamoja na wasichana. Najua nauli ya wawili ni nzito kuliko ya mmoja, ila kumpeleka kaka peke yake amsimulie dada sikuoni kuwa ni uadilifu.

Adhuhuri warudi msikitini. Msafiri akisali nyuma ya imamu mkaazi hutimiza rakaa nne. Kisha Alasiri waweza kuikusanya na kuipunguza wao kwa wao. Jioni waende Mtumba, kwenye mji wa serikali, wazione wizara zenyewe, na wakirudi wanunue zabibu. Huko huvunwa mara mbili kwa mwaka. Sehemu kubwa hukamuliwa mvinyo, sisi na tuchukue matunda.

Wakati mwema ni mapema mwezi Juni, shule zikiwa zimefungwa na Bunge la bajeti lingali likiendelea. Barua ya maombi yenye majina yote ipelekwe mapema kwa mbunge wenu, na kila mtu mzima achukue kitambulisho. Na binti apewe sweta na shuka zito, kwani baridi ya Njombe mwezi huo hamjapata kuiona huko Liuli.