Barua kutoka Sheffield: mifupa ya wanaume na urithi wa ukoo

Kwa ndugu wa Soweto, Mbeya, na wa Iringa.

Osteoporosisi ni ugonjwa unaopunguza madini ya mfupa hadi ukavunjika kwa jambo dogo, hasa nyonga, pingili za uti wa mgongo na kifundo cha mkono. Wengi huuhesabu kuwa maradhi ya mabibi. Hata hivyo, duniani mwanaume mmoja kati ya watano waliovuka miaka 50 huvunjika kwa sababu hiyo, na akivunjika nyonga, hatari ya kufa ndani ya mwaka mmoja ni kubwa kuliko ya mwanamke.

Utafiti wa mapacha umeonyesha kuwa asilimia 50 hadi 85 ya tofauti za uzito wa mifupa baina ya watu hutokana na vinasaba. Hakuna jeni moja ya kulaumiwa: sehemu zaidi ya 500 zimeshatambuliwa, nyingi zenye athari ndogo, tena zimechunguzwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Matokeo hayo hayafai kubebwa mzimamzima hadi Nyanda za Juu Kusini.

Hata hivyo, zipo jeni chache zenye nguvu. PLS3, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 2013, imo katika kromosomu X. Mwanaume ana X moja tu, aliyoipata kwa mama; ikiwa na hitilafu hana ya akiba, naye huweza kuanza kuvunjika tangu utotoni, ilhali dada yake pengine asidhurike sana. Kwa hiyo anayechunguza ukoo asiishie kwa baba na baba wadogo. Wajomba nao waulizwe.

Mwaka 1994 Marekani iliripotiwa habari ya kijana wa miaka 28, mwenye urefu wa sentimita 204 na testosteroni ya kutosha, lakini mifupa dhaifu. Jeni ya kipokezi chake cha estrojeni ilikuwa na kasoro. Ikadhihirika kwamba mfupa wa mwanaume nao huitegemea homoni hiyo inayodhaniwa kuwa ya kike.

Sigara, dawa za steroidi za muda mrefu, na pombe kama ulanzi au komoni kupita kiasi huongeza hatari juu ya ile ya kurithi.

Kipimo cha FRAX cha kukadiria hatari ya kuvunjika mifupa, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008, huuliza kama baba au mama aliwahi kuvunjika nyonga. Swali hilo halihitaji mashine. Mzee aliyeteleza uani akavunjika nyonga, wanawe wa kiume wamtajie daktari habari hiyo.